Dirisha Hupimwa Ukiwa Umeinama

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kwa sababu ya kidole kimoja chenye tope. Siku nyingine za mwaka ule zimeshanichanganyikia kichwani, lakini ile naikumbuka hadi shati nililovaa: jeupe, la mikono mirefu, nililolipiga pasi mara mbili kabla ya kupanda bodaboda kutoka Kibaoni kwenda Namawala. Nilipomaliza mara ya kwanza niliona mkunjo begani, nikarudia. Ndivyo nilivyo. Hata maneno haya ninayowaandikia ninyi mnaokuja kwangu Jumamosi kujifunza kuchora, nimeyaanza mara nne na kuyafuta mara nne, na hii ya tano naiacha iende kwa sababu nikiifuta tena hamtaipata kamwe.

Utanisamehe ninapokuita mwanangu. Sina mvi, na baadhi yenu nimewazidi miaka kumi tu. Lakini aliyetangulia kujikwaa ana haki ya kumwonyesha anayemfuata lilipo jiwe, na mimi nimejikwaa kwenye jiwe hili kwa kidole gumba.

Mnajua kwamba sikusoma chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikabeba zege na matofali kwa mafundi wa hapa Ifakara, na kuchora nilijifunzia kwenye simu iliyopasuka kioo, nikitazama video za watu nisiowajua. Wengine lugha yao sikuielewa hata neno, nikawa nafuata mikono yao tu. Mtu aliyejifunza hivyo huwa na woga wa aina yake. Anahisi kila anayemtazama anatafuta mahali pa kusema, huyu hakusoma. Dawa niliyojitengenezea ilikuwa moja: kosa lisionekane. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, na sikumwonyesha mtu karatasi mpaka iwe safi kama sahani ya mgeni. Niliita hiyo heshima ya kazi. Kumbe ilikuwa hofu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kule Namawala kilikuwepo kikundi cha kina mama wanaolima mpunga mbugani, lile bonde tambarare linalojaa maji masika. Mvua zikishaanza, mama hushuka kwenye jaruba lake asubuhi, akainama, na kuinuka kwake ni jioni. Watoto wadogo huachwa kando, chini ya turubai au juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo. Msimu uliotangulia, mtoto wa dada mmoja aitwaye Prisca, mwenye miaka miwili, aliteremka kwenye dungu peke yake akatumbukia kwenye mfereji. Walimtoa akiwa hajitambui. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini tangu hapo kina mama wakakubaliana kwamba mvua nyingine isiwakute watoto wakiwa kando ya maji. Watajenga nyumba ya watoto pale mbuga inapoanza kuinuka, na bibi wawili watakaa nao kwa zamu.

Walifyatua matofali wenyewe kiangazi kizima, wakayachoma kwa pumba za mpunga wao. Walichokosa ni ramani. Mtu mmoja akawaambia kuhusu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimechora jiko la kanisa, na jiko lile halikuanguka.

Mwanangu, nilifanya kazi ile kama mtu anayefanya mtihani. Nilipima kiwanja mara tatu. Niliona mbuga iko upande wa machweo, na nilikuwa nimejifunza kwamba upande wa machweo hufungwa, maana jua la alasiri huchoma na mvua ya kule ya upepo huja imelala. Basi upande wa mbuga nikauweka ukuta mtupu, bila hata tundu. Madirisha yenye wavu wa mbu nikayapanga pande mbili nyingine, na mlango nikauelekeza barabarani ili anayefika aone uso wa jengo. Kwa elimu ya jua na mvua sikukosea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ungeniuliza siku ile ningekujibu kila swali, isipokuwa moja ambalo sikujua kama lipo.

Siku ya kuwaonyesha walikuja wakitoka moja kwa moja kwenye kufyatua matofali ya mwisho. Nilitandaza karatasi yangu kubwa juu ya meza waliyoazima shuleni, nikaikandamiza pembe kwa mawe niliyoyafuta vumbi kwanza. Nikaeleza. Nikaeleza mno. Nilikuwa kila nikiona mtu anataka kufungua kinywa, naongeza sentensi, maana niliogopa swali nisiloweza kulijibu. Ndipo Prisca akasogea, mtoto mgongoni, akanyoosha kidole kuelekea upande ule wa mbuga kwenye karatasi.

"Na huku, kaka?" akauliza.

Kidole chake kilikuwa na tope la matofali, limekauka hadi kwenye kifundo. Kilipokaribia kugusa, niliivuta karatasi. Nikamwambia kwa tabasamu, "Dada, itachafuka."

Wenzake walicheka kidogo, kile kicheko ambacho watu hukitoa ili kumsaidia mwenzao aliyepatwa na aibu. Prisca akaingiza mkono ndani ya kanga. Nikamjibu haraka kwamba huku ni ukuta kwa sababu ya jua, nikaendelea. Mwishoni nikauliza kama kuna swali, pakawa kimya. Nikapigiwa makofi. Nilirudi Kibaoni nimekaa wima juu ya bodaboda kama bwana harusi, nikijiambia kwamba wamekubali wote bila hata mmoja kupinga. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi masikio yangu yalikuwa bado yana makofi.

Ujenzi ukaanza, na fundi wetu alikuwa mzee Severini, mtu wa Kiberege, mwenye ulimi mkali na timazi ya kupimia kuta isiyodanganya. Kina mama walichota maji, walisomba mchanga, walipika uji wa mafundi. Msingi ulipanda kwa nyimbo. Kisha ukuta wa upande wa mbuga ukaanza kuinuka, na kadiri ulivyoinuka ndivyo kina mama walivyopungua. Mmoja ana homa. Mwingine ana msiba. Mwingine hakutoa sababu. Ukuta ulipofika usawa wa kichwa walikuwa wanakuja watano, na ulipofika karibu na lenta, ule mkanda wa zege unaofungwa juu ya madirisha, alibaki mwenyekiti wao, Bibi Anastazia, na binti zake wawili. Huku juu ya milima ya Udzungwa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri, na jengo halina paa.

Naungama hapa jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilikasirika. Nilimwambia Severini kwamba watu hawa ni wavivu, wanataka vitu vizuri bila jasho.

Mzee yule hakuacha kupaka udongo. "Injinia," akasema, na neno hilo kwake lilikuwa na pilipili, "matofali yote haya wameyachoma kwa mikono yao. Uvivu umewaingia lini, jana?"

Bibi Anastazia alikuwa karibu, na alisikia. Nilitamani mbuga inimeze. Aliniita tu kwa mkono, akanipeleka chini kwenye kitalu cha miche ya mpunga kandokando ya mfereji, ambacho walikuwa wamekiotesha mapema kungojea mvua. Akaniambia nivue viatu, nikunje suruali, nipalilie. Nilidhani ni adhabu ya maneno yangu, nikaona nimestahili. Nikainama.

Kama hujawahi kupalilia mpunga, mwanangu, nenda ukajaribu kabla hujachora nyumba ya mkulima. Miguu imezama, maji yanakurudishia jua usoni, na magugu yamefanana na mpunga kama ndugu wa tumbo moja, huwezi kupeleka macho kwingine. Baada ya muda mfupi kiuno changu kilianza kuniuliza maswali. Nikataka kujinyoosha.

"Usisimame," Bibi akasema. "Sisi hatusimami. Mtu akisimama kila mara jaruba haliishi. Sasa mtazame mtoto wako."

Nikamuuliza mtoto yupi.

"Huyo uliyemwacha kule kwenye nyumba yako. Inua kichwa tu."

Nikainua kichwa. Nikaona ukuta. Ulikuwa umenyooka, mwanangu, viungo vyake vimelingana toka chini hadi juu, na nyuma yake pangeweza kuwa na watoto thelathini wakicheza au pasiwe na mtoto hata mmoja, mimi pale nilipoinama nisingejua. Mlango wangu mzuri ulikuwa unatazama barabara. Wageni wangeona kila kitu. Mama asingeona chochote.

Bibi Anastazia aliendelea kung'oa magugu. Aliniambia, bila hasira, kwamba mwanamke ambaye mwanawe ametolewa kwenye maji hawezi kumweka nyuma ya ukuta na kushuka huku, hata ukuta ule uwe wa dhahabu. Atamrudisha mgongoni. Na wenzake watafanya vilevile, kwa sababu wote walikuwepo siku ile mtoto alipotolewa.

"Prisca alikuwa na swali moja tu," akasema. "Ukamwondolea karatasi."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto kuliko ya injinia, kwa nini basi hawakusema.

"Tungesemaje, mjukuu wangu? Kazi yako ilikuwa imeshakwisha. Kitu kilichokwisha mtu hukisifu." Kisha akaongeza lile lililonivunja. "Hawa hawajagoma. Wanaona aibu kukusaidia kumaliza nyumba ambayo hawataitumia."

Nilisimama pale na matope hadi magotini, na shati langu, kwa mara ya kwanza nadhani, sikulikumbuka. Usifikiri nilifikiria watoto kwanza. Nilifikiria watakavyosema watu: si mlijua, yule hakusoma. Nilianza hata kutafuta maneno ya kumshawishi Bibi kwamba labda watauzoea ukuta. Mtu anayeogopa kosa ni hodari wa kulitetea. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta usio na ufa, na sasa nilikuwa tayari kuacha watoto wakae kando ya mfereji msimu mwingine ili ukuta wangu usiguswe. Nilipoliona hilo waziwazi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kuchekwa.

Bibi alinipa kanga yake ya kujifutia. Alisema ukuta ni udongo, na udongo wanao.

Nilikwenda kwa Prisca siku ileile, pekupeku. Nilimkuta anatwanga, na mtoto wake, aliyekuwa sasa anaelekea miaka mitatu, mzito, miguu inaning'inia hadi kwenye mapaja ya mama, yuko mgongoni. Hakumweka chini hata alipokuwa anatwanga. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa ile karatasi. Akasema, kaka, mimi nilishasahau, na wote wawili tulijua si kweli, akasema hivyo kwa huruma tu. Nikamwomba aje kesho anionyeshe alichotaka kuonyesha.

Kesho yake walikuja wote. Sikuwa na karatasi. Nilisimama mbele yao nikasema nimekosea, na neno hilo moja lilikuwa zito kuliko mfuko wa saruji. Hakuna aliyenicheka, isipokuwa Severini, ambaye angecheka hata kwenye ubatizo. Prisca alishuka kwenye kitalu akainama kama anapalilia, na Severini akashika kipande cha mkaa ukutani, akawa anapandisha na kushusha kufuatana na sauti ya Prisca. Chini. Chini tena. Bado, chini. Mkaa ulipotua, ulikuwa usawa wa goti langu.

Sijawahi kuona, katika video zangu zote, dirisha linaloanzia gotini. Nikasema watoto watatoka. Wakanijibu kwamba watoto hawatoki penye fito za mianzi zilizofungwa vizuri na wavu nyuma yake. Nikasema jua. Mama mmoja wa Kisukuma, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe akiwa binti, akaniuliza kama paa limekatazwa kuwa refu. Basi tukalivuta paa likazaa baraza upande wa mbuga, na baraza hilo, mwanangu, ndilo lililokuja kupendwa kuliko jengo lote. Elimu yangu ya jua haikutupwa, ila ilikaa kwanza pembeni ikasubiri kuitwa.

Bahati ni kwamba lenta ilikuwa haijamwagwa. Nilipomwomba Severini abomoe, akaweka mwiko chini.

"Ukuta huu nimeupima kwa timazi, umenyooka kama bunduki," akasema. "Bomoa wewe uliyeuchora. Mimi nakwenda kunywa chai."

Nikashika nyundo. Tofali la kwanza ndilo gumu. Nilipolitoa niliona kipande cha mbuga, kijani cha kitalu, na kanga ya Prisca aliyekuwa bado ameinama kule chini, na nikaelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa anaelekea kukigusa kwa kidole siku ile. Kina mama walipokea matofali moja moja, wakayakwangua udongo, wakayapanga upya. Yaliyopasuka wakayatandika sakafuni pa baraza. Severini alirudi kutoka kwenye chai akaanza kujenga bila kusema kitu, jambo lililokuwa, kwa mtu kama yeye, pongezi.

Mvua ya kwanza ilitukuta tumebakiza mabati matatu. Tulilowa sote, na hakuna aliyejali.

Nilirudi wakati wa palizi. Sikualikwa, nilisema napita tu, lakini ukweli nilikuwa sijalala vizuri siku kadhaa nikiwaza kama itatumika. Nilikaa kwenye baraza na Bibi Anastazia na watoto. Prisca alifika wa mwisho. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka chini, akamwinua tena, akamweka. Alikwenda hatua chache, akageuka. Kisha akashuka kwenye jaruba lake, akainama, na mara hiyohiyo akainua kichwa. Mtoto alikuwa amebana pua kwenye fito. Akang'oa magugu kidogo, akainua kichwa. Akang'oa, akainua. Mimi nilikuwa namtazama yeye kama mwanafunzi anayetazama mwalimu akisahihisha daftari. Jua lilipofika katikati, Prisca alipalilia mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuinua kichwa hata mara moja.

Hakuna cheti nilichowahi kupewa kinachofanana na mstari ule.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuachie ninachoweza. Ukienda kuwachorea watu, nenda na karatasi ambayo haijakwisha. Acha upande mmoja mtupu kabisa, na uwape mkaa. Mtu haogopi kugusa kilichochafuka tayari, na mstari wake mmoja uliopinda unaweza kuwa na nyumba yote ndani yake. Usiwaulize watu kama wamependa, maana sisi wa bonde hili tumelelewa vizuri, tutakwambia tumependa. Waulize watakaa wapi, watatazama wapi, mtoto atakuwa wapi wakati huo. Halafu nenda kakae hapo wewe mwenyewe, katika umbo la mwili wake. Kama anainama, inama, hadi kiuno kikuume, ndipo upime dirisha. Na ukiona watu wanapungua kwenye kazi yako, usitangulie kuwaita wavivu kama nilivyofanya mimi. Anayejiondoa kimya mara nyingi ameshajibu, ila wewe hukumuuliza.

Siwaambii muache usafi wa kazi. Mimi mwenyewe sijapona. Nimekagua vipimo vya jengo la juzi mara tano, na leo asubuhi nimepiga pasi mara mbili. Kuta zenu ziwe zimenyooka. Ila mjifunze kujiuliza, ninapofuta mstari huu, ninamfanyia kazi anayekwenda kuishi humu au ninajificha? Ukijificha nyuma ya kazi nzuri, watu watakuacha hukohuko, kwa adabu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mapema, kabla lenta haijamwagwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nendeni. Mungu awape wazee watakaowakemea kwa upole na mafundi watakaowacheka usoni badala ya mgongoni. Awape mikono isiyotetemeka sana, na ikitetemeka, awape ujasiri wa kuinyoosha hivyohivyo mbele za watu. Popote mtakapojenga, mama aweke mtoto chini na asigeuke nyuma. Na mvua, kila mwaka, iwakute mmeshaezeka.